Unataka Kumnunulia Mzee Mashine ya Kushtua Moyo? Soma Hii Kabla Hujatoa Pesa

Tuseme mzee wenu ametoka hospitali wiki iliyopita. Moyo ulimsumbua, kapewa dawa, kaambiwa aache sigara na apunguze chumvi. Jioni hiyo hiyo kaka yenu aliyeko Uingereza anatuma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp: mashine ndogo, inaingia kwenye mkoba, ina alama ya moyo. "Jamani, tuchange tumnunulie mzee hii akae nayo nyumbani." Wote wanaweka vidole gumba. Bei inatajwa. Kundi zima kimya.

Mashine hiyo ni defibrileta, ile ya kujiendesha ambayo wengi huiita AED. Kwa Marekani, mpya nyingi zinauzwa kati ya dola 1,200 na 2,500. Chukua dola 1,500: hiyo ni zaidi ya milioni 3 za Kitanzania, au karibu laki 2 za Kenya, kabla ya usafiri na ushuru. Si pesa ya kuchezea. Kwa hiyo tuongee ukweli.

Wapenzi wa mpira waliona kazi yake Juni 12, 2021, pale Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka uwanjani Copenhagen wakicheza na Finland. Madaktari walimbonyeza kifua, wakampiga shoti moja ya umeme, moyo ukarudi. Leo yuko hai, na alirudi hadi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Moyo unaposimama ghafla, mara nyingi hauwi umenyamaza kabisa mwanzoni. Unatetemeka ovyo bila kusukuma damu. Shoti inakata ile vurugu ili moyo uanze upya mapigo yake. Kila dakika inayopita bila msaada wowote, nafasi ya mtu kupona inashuka kwa asilimia 7 hadi 10. Ndiyo maana dakika tano tu ni nyingi mno, na wewe unajua gari la wagonjwa kwenu linachukua muda gani kufika.

Lakini shika hili: mashine hii si ya mtu anayelalamika kifua kinambana huku anaongea. Huyo anapelekwa hospitali haraka. AED ni ya mtu aliyeanguka, haitiki, hapumui au anakoroma kwa kuvuta pumzi moja moja za mbali. Mkoromo huo unawadanganya watu wengi, wanasema "bado anapumua, mwacheni apumzike." Hapana, huyo anaondoka.

Na kama hofu yako ni kumpiga shoti mtu mzima wa afya, ondoa shaka. Mashine inasoma mapigo kwanza yenyewe. Ikikuta moyo hauhitaji shoti, inakataa, hata ubonyeze kitufe mara mia.

Sasa sehemu ambayo wauzaji hawaisemi. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa 7,001 waliowahi kupata mshtuko wa moyo. Nusu yao familia zilifundishwa kubonyeza kifua na kuita msaada. Nusu nyingine zilipewa na AED ya kukaa nayo nyumbani. Baada ya miaka kama mitatu, waliofariki walikuwa asilimia 6.5 upande usio na mashine na asilimia 6.4 upande wenye mashine. Yaani sawasawa tu.

Kwa nini? Kati ya mioyo iliyosimama ghafla nyumbani, 117 kwa jumla, ni 58 tu ambapo kulikuwa na mtu anashuhudia. Wengine walikutwa asubuhi, au waliangukia bafuni peke yao. Mashine ipo kabatini, mtu wa kuileta hayupo. Hata hivyo haikuwa bure kabisa: watu 14 walipigwa shoti waliyoihitaji na 4 walitoka hospitali wakiwa hai. Kwa familia hizo 4, usiwaambie habari za asilimia.

Ushauri wangu basi? Kabla ya kuchanga, ulizeni maswali mawili. La kwanza kwa daktari wa mzee: je, yuko kwenye hatari kubwa kiasi cha kuhitaji kifaa cha kupandikizwa kifuani? Hicho kinampiga shoti chenyewe hata akiwa usingizini peke yake. Eriksen mwenyewe aliwekewa hicho. La pili jiulizeni wenyewe: mchana, nani yuko nyumbani na mzee? Kama ni yeye na redio yake tu, pesa hiyo ni bora imlipe mtu wa kukaa naye, au iende kwenye dawa zake asikose hata siku moja.

Kama yupo mtu muda mwingi, na pesa ipo, haya nunueni. Ila nunueni kwa akili.

Kubwa kuliko yote ni lugha. Mashine hizi zinaongea: "bandika hapa", "usimguse mgonjwa", "bonyeza kitufe". Sasa kama inaongea Kijerumani na aliyebaki nyumbani ni bibi na dada wa kazi, itakuwaje? Aina nyingi lugha inachaguliwa wakati wa kuagiza, si kama simu unayobadilisha kwenye mipangilio. Uliza kabla ya kulipa. Ikikosekana ya Kiswahili, chagua yenye michoro mikubwa inayoeleweka bila kusoma, kisha mwandike hatua kwa Kiswahili kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko. Fanyeni na mazoezi mara mbili tatu, bibi akiwepo.

Halafu kuna aina mbili. Moja inakuambia ubonyeze kitufe ndipo shoti itoke, nyingine inahesabu na kupiga yenyewe. Kwa nyumbani mimi napenda ya pili, kwa sababu mkono wa mtu anayemtazama baba yake chini sakafuni unatetemeka. Wengine wanaona afadhali kitufe, ili uhakikishe kwanza hakuna anayemshika mgonjwa. Nao wana hoja.

Gharama haiishii dukani. Zile pedi za kubandika kifuani zina jeli inayokauka, kwa hiyo zina tarehe ya mwisho: HeartStart ya Philips kama miaka 2, HeartSine miaka 4 zikiwa pamoja na betri yake, AED Plus ya Zoll hadi 5. Betri nazo hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Haichajiwi kwenye soketi, hivyo umeme kukatika si tatizo. Muulize muuzaji hivi: "Pedi za hii mnazo hapa hapa, na bei yake ngapi?" Akianza kuzunguka zunguka, ondoka. Mashine isiyo na pedi ni pambo la sebuleni.

Hapo hapo ndipo inapokuja mitumba. Utakutana nazo mtandaoni kwa robo ya bei. Nyingi pedi zimepitwa na wakati, betri haijulikani, na nyingine ziliitwa kiwandani kwa sababu ya hitilafu. Kwa simu, mtumba sawa. Kwa hii, hapana. Tanzania muulize kama kifaa kimesajiliwa na TMDA, Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu, na chukua risiti yenye namba ya mashine.

Kama nyumbani kuna wajukuu, angalia kama ina pedi au swichi ya watoto, kwa walio chini ya miaka 8 au kilo 25. Zikikosekana, za wakubwa zinatumika, moja mbele kifuani na nyingine mgongoni.

Nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi joto 0 na 50. Kwa hiyo usiiache kwenye gari lililofungwa juani Dar au Mombasa. Usiifungie pia kwenye kabati la chumba cha mzee na funguo anayo yeye. Ikae sebuleni, mahali hata mgeni anapaona. Weka na taulo, kwani kifua chenye jasho pedi hazishiki, mkasi wa kukata nguo, na wembe kwa wenye nywele nyingi kifuani.

Siku ikitokea, mmoja apige 112, mwingine amlaze mgonjwa chini sakafuni, si kwenye godoro, na aanze kubonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wa tatu alete mashine. Pedi moja chini ya mfupa wa bega kulia, nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Kama mzee ana uvimbe wa kifaa kilichopandikizwa, isibandikwe juu yake. Baada ya shoti endelea kubonyeza mara moja, usikae kusubiri muujiza. Mashine itasoma tena baada ya dakika 2. Akianza kupumua pedi zibaki pale pale kifuani, mashine ikiwa imewashwa, mpaka mfike hospitali, maana moyo unaweza kusimama tena njiani.

Na ile tarehe ya pedi, iweke leo leo kwenye kalenda ya simu yako, mwezi mmoja kabla haijafika.