Joto lapunguza faida ya magari ya kambi

MSIMU wa joto wa Pwani, kuanzia Desemba hadi Machi, ni kipindi kigumu kwa wafanyabiashara wanaokodisha magari ya kambi, yaani mabasi madogo yaliyotiwa vitanda, jiko na friji. Mteja aliyetoka Dar es Salaam kwenda Iringa akaloa jasho kabla ya kufika Chalinze ni vigumu kumpata tena, na huenda akadai kupunguziwa malipo.

Wenye magari wengi hukimbilia kufunga kiyoyozi kikubwa zaidi. Hiyo ni gharama kubwa ambayo ingeweza kusubiri.

Kiyoyozi cha gari huzungushwa na injini kwa mkanda, hivyo hula mafuta kila kinapofanya kazi. Kile kilichokuja na gari la mizigo kilikusudiwa kupoza sehemu ya dereva tu. Gari likigeuzwa nyumba, hewa ya kupozwa huongezeka mara kadhaa. Pazia zito nyuma ya viti vya mbele huondoa mzigo huo kwa bei ya kitambaa na fundi cherehani, mradi abiria wote wawe wameketi mbele.

Hatua ya pili ni kuzuia joto lisiingie. Njia zake kuu ni tatu: vioo, bati la paa na injini. Rangi nyeupe hurudisha mwanga wa jua kuliko rangi nyeusi, na sponji chini ya bati hupunguza joto la paa. Katika magari kama Toyota Hiace, ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele, mpira wa kifuniko cha injini ukichakaa joto hupanda moja kwa moja kwa dereva.

Gari lililoegeshwa nalo lina hesabu yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kuwa joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Sentigredi kwa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kiyoyozi, milango yote ifunguliwe hewa ya moto itoke. Hewa ya ndani ikishapoa kuliko ya nje, kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kibonyezwe.

Dereva naye aelekezwe. Katika mlima Kitonga, ambako injini hubeba mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo, kiyoyozi kizimwe na vioo vifunguliwe kabla mshale wa joto haujapanda.

Wanunuzi wa magari yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 waulize aina ya gesi. Mengi yalitumia R-12, iliyoondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Kuhamia R-134a kunahitaji kubadili oili ya kompresa na baadhi ya vipuri. Fundi anayejazia gesi mpya juu ya ya zamani anamtia mwenye gari hasara ya kompresa nzima.

Kwa mwenye mtaji mdogo, mpangilio wa matumizi ni huu: pazia, vizuizi vya jua vya vioo, sponji ya paa, matengenezo ya kiyoyozi kilichopo. Kiyoyozi kipya kiwe cha mwisho.