Hiari Isiwe Amri

Wazee wa Handeni wanalijua vizuri neno hiari. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kuwa watu wasilazimishwe kuingia vijiji vya ujamaa. Novemba 1973 akageuka: ifikapo mwisho wa 1976, wote wawe vijijini. Baadhi walisombwa kwa malori, nyumba nyuma yao zikachomwa.

Kuanzia 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, wafugaji wa Ngorongoro wamehamishiwa Msomera, hapa Handeni. Serikali inasema ni hiari, na kila kaya hupewa nyumba na shamba la ekari 5. Waliobaki wanalalamika kuwa huduma za afya na shule zimepunguzwa.

Amri ya Mwalimu ilijulikana kuwa amri. Hiari ya leo tuipimeje? Tuulize: anayekataa kuhama, zahanati yake inabaki wazi?