Kuziona Chembe Bilioni Moja: Picha za Uigaji wa Vichapuzi

Makala haya yakusudia kueleza jinsi wanafizikia wanavyogeuza tarakimu nyingi mno kuwa picha ambayo jicho la binadamu laweza kuisoma. Mfano wetu ni kichapuzi, yaani mtambo unaozisukuma chembe ndogo, kama vile protoni, kwa nguvu za umeme na kuziongoza kwa sumaku, mpaka zikaribie mwendo wa nuru.

Protoni zote zina chaji ya aina moja, kwa hiyo husukumana. Nyingi hukaa katikati ya mwale zikiwa zimesongamana. Chache hutawanyika pembeni na kufanya ukungu mwembamba, mfano wa duara la nuru linalouzunguka mwezi. Msongamano wa ukungu huo waweza kuwa mdogo mara maelfu kuliko ule wa kiini. Hata hivyo, hatari iko huko. Chembe za pembeni hugonga kuta za bomba na kuzifanya zitoe mnururisho, hata fundi asiweze kuukaribia mtambo na kuutengeneza kwa mikono yake.

Ndiyo sababu wajenzi wa vichapuzi vya protoni vyenye nguvu nyingi, kama kile cha Oak Ridge, Marekani, kilichotoa nyutroni zake za kwanza mwaka 2006, hufuata kanuni hii: hasara ya mwale isizidi wati 1 kwa kila mita. Mwale wa megawati 1 ukipoteza wati 1, umepoteza sehemu moja katika milioni. Sasa na tupige hesabu. Tukiuiga mwale huo katika kompyuta kwa chembe milioni 1, hasara hiyo ni chembe 1 tu kwa mita, na chembe moja haiwezi kuwa ushahidi. Tukitumia chembe bilioni 1, hasara ni chembe 1,000. Hapo ndipo hesabu huanza kuaminika.

Lakini faida hii ina gharama yake. Kila chembe huelezwa kwa namba 6: tatu za mahali ilipo na tatu za mwendo wake. Kila namba ikichukua baiti 8, chembe bilioni 1 zahitaji gigabaiti 48, nazo ni za hatua moja tu ya wakati. Zaidi ya hayo, skrini yenye nukta milioni 1 ingelazimika kurundika chembe 1,000 juu ya kila nukta.

Ziko njia mbili za mkato, na kila moja ina kasoro. Ya kwanza ni kuchagua chembe moja katika kila elfu. Kiini hakiharibiki, lakini zile chembe 1,000 za hatari hubaki moja tu. Ya pili ni kuigawa nafasi katika vijisanduku na kuonyesha msongamano wa kila kimoja kwa rangi, mithili ya moshi. Kiini huonekana vizuri, ila chembe za pembeni hufifia na kupotea machoni.

Mwaka 2002, Kwan-Liu Ma wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na wenzake, wakiwemo watafiti wa maabara za vichapuzi za Berkeley na Stanford, walieleza namna ya kuziunganisha njia hizo. Nafasi yote hugawanywa masanduku manane. Sanduku lenye chembe nyingi hugawanywa tena manane, na kuendelea. Kisha masanduku hupangwa kwa msongamano. Yaliyosongamana huchorwa kama moshi. Katika yale yenye chembe chache, kila chembe huchorwa nukta yake. Hivyo data hupunguzwa hata zikatosha kompyuta ya mezani, na upunguzaji huo hufanyika kwenye kiini, si kwenye hatari.

Yafaa kukumbuka kwamba mpaka kati ya moshi na nukta huwekwa na mtafiti mwenyewe. Akiusogeza, picha hubadilika ingawa data ni zile zile. Kwa hiyo mwanafunzi anayeonyeshwa picha ya namna hii, hata ikiwa nzuri namna gani, hana budi kuuliza: ni kitu gani kimeachwa, na kimeachwa kwa kanuni ipi? Mdharau mwiba mguu huota tende. Na katika kichapuzi, miiba ni zile chembe chache za pembeni.