Kufuga Nyuki Wadogo Wasio na Mwiba

Mtu apitaye porini akitazama vema mashina ya miti, ataona mara kwa mara kitundu kidogo, na katika kitundu hicho mrija mfupi wa nta umetokeza, pengine mwembamba kama bua la unyasi, pengine mnene kama kidole. Wadudu wadogo weusi huingia na kutoka humo mchana kutwa. Hao ndio nyuki wadogo wasio na mwiba. Ajuaye utamu wa asali yao hakawii kutafuta shoka. Mti huangushwa, shina hupasuliwa, asali hukamuliwa katika kibuyu pamoja na takataka zake, na majana hutupwa chini yakaliwa na siafu. Faida ya kazi hiyo yote mara nyingi ni kikombe kimoja au viwili. Hasara yake ni mti ulioota kwa miaka mingi, pamoja na kundi zima la nyuki.

Warina asali wengi husema kwamba hapana dhara, kwa kuwa nyuki waliovunjiwa nyumba watahamia mti mwingine. Neno hilo ni kweli kwa nyuki wakubwa. Malkia wao aweza kuruka, na wakiudhiwa huondoka wote pamoja naye wakatafuta makao mapya. Lakini malkia wa nyuki wadogo, akiisha kupandwa na dume na kuanza kutaga, tumbo lake huvimba sana hata mabawa yake hayawezi tena kumchukua. Tangu siku hiyo hatoki nje maisha yake yote. Basi nyumba yake ikivunjwa hana pa kwenda, na wale wanaoonekana wakirukaruka juu ya shina lililopasuliwa hawahami, ila wanangoja kufa.

Yafaa kujua pia jinsi wanavyozaa kundi jipya, maana jambo hilo ndilo linalomsaidia mfugaji. Hawatoki ghafula kama nyuki wakubwa. Kwanza wafanya kazi hutafuta tundu jingine lililo karibu, wakalisafisha, wakaziba nyufa zake, wakachukua nta na asali kidogo kidogo kutoka nyumba ya zamani. Kazi hiyo huendelea kwa siku nyingi. Nyumba ikiisha kuwa tayari, ndipo malkia kijana ambaye bado aweza kuruka huenda kukaa humo, naye mama yake hubaki alipokuwa. Ni kama desturi ya kijana kujenga nyumba na kuweka akiba ghalani kabla ya kuleta mke.

Kwa sababu hizo, atakaye asali ya nyuki hawa mwaka kwa mwaka yampasa awalete nyumbani na kuwatunza. Jambo hili si geni. Katika miteremko ya Kilimanjaro watu huwafuga katika magogo yaliyotundikwa penye nyumba zao. Katika Kenya, wachunguzi wa kituo cha wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, wamewafundisha wakulima wa kando ya msitu wa Kakamega kuwafuga katika masanduku ya mbao. Tena mwiba wao hauna nguvu ya kuchoma, kwa hiyo mzinga waweza kukaa barazani wala watoto wasidhurike. Mwalimu aweza kuweka mmoja katika bustani ya shule, akawaonyesha wanafunzi jinsi unga wa maua unavyochukuliwa. Lakini asisemwe nyuki mdogo kuwa hana silaha kabisa. Wakichokozwa huingia katika nywele, masikioni na machoni, na wengine hung'ata kwa meno. Afunguaye mzinga na ajifunge kitambaa kichwani.

Ukifungua nyumba yao hutaona masega yaliyoning'inia kama ya nyuki wakubwa. Utaona vitu vya namna mbili. Pembeni vimo vijungu vya mviringo, vingine vina asali, vingine vina unga wa maua. Katikati vimo vijumba vya majana, vimepangwa tabaka juu ya tabaka, au, kwa nyuki walio wadogo kabisa, vimeshikana kama kichala. Vyote vimefinyangwa kwa nta iliyochanganywa na ulimbo wa miti, ndiyo sababu rangi yake ni ya kahawia au nyeusi.

Sasa sikilizeni vema habari ya majana. Nyuki hujaza kijumba chakula cha majimaji, malkia hutaga yai moja juu yake, kisha kijumba huzibwa wala hakifunguliwi tena mpaka nyuki kamili atoke, baada ya siku kama 40 hata 50. Hakuna yaya wa kumlisha mtoto. Yai huelea juu ya chakula chake, na nyumba ikipinduliwa huzama, na mtoto hufa. Wengi wamechukua gogo kutoka porini mpaka nyumbani kwa taabu, wakalitundika upande wa chini ukiwa juu. Nyuki wazima huendelea kuruka kwa majuma kadha, na mwenyewe hufurahi. Halafu hupungua, hupungua, hata wakaisha, kwa maana wazee walikufa na vijana hawakuzaliwa. Mwenye gogo husema amerogwa. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha mfugaji ni kipande cha chaki au makaa: kabla ya kuligusa gogo, atie alama upande ulio juu, na alama hiyo ibaki juu njiani na hata litakapotundikwa.

Kabla ya kutafuta kundi, mtu aende kwa afisa wa misitu au wa nyuki wa wilaya yake. Misitu ya hifadhi ina sheria zake, na katika Tanzania ufugaji wa nyuki nao una sheria yake ya mwaka 2002. Wala haifai kuukata mti uliosimama kwa ajili ya kundi moja. Yako magogo ya kutosha katika miti iliyoanguka kwa upepo, na katika mashamba mapya ambayo miti yake inakatwa kwa haki. Wakubwa wa vijiji waweza kufanya jambo jema hapa kwa kuwaagiza wanaofyeka mashamba watoe habari waonapo mrija wa nyuki, badala ya kuchoma gogo pamoja na wenyeji wake.

Gogo la namna hiyo likatwe kwa msumeno juu na chini ya makao ya nyuki, mbali kidogo ili nyumba isipasuke, na ncha zake zizibwe kwa vibao na udongo. Lichukuliwe usiku, wote wakiwa wamekwisha kuingia, na mlango uzibwe kwa kipande cha chandarua ili wapate hewa. Yafaa mahali papya pawe mbali, kilometa 2 au zaidi. Pakiwa karibu, wachumaji watarudi kesho yake mahali pa zamani, nao watapotea.

Akitaka kuwatia katika sanduku, kazi yake ni ya uangalifu zaidi. Vijumba vya majana vihamishwe vyote bila kupinduliwa wala kubonyezwa. Malkia atambuliwe kwa tumbo lake kubwa; asishikwe kwa vidole, bali aachwe apande juu ya kipande cha nta yao wenyewe. Vijungu vizima vya asali na vya unga vyaweza kutiwa, lakini vilivyopasuka visitiwe hata kimoja. Asali iliyomwagika huzamisha nyuki na kuita sisimizi na nzi, na makundi mengi hufa kwa sababu hiyo katika siku chache za kwanza. Mrija wa zamani ubandikwe penye mlango mpya, na sanduku liwekwe mahali pale pale palipokuwa mlango wa kwanza mpaka jioni, ili waliokuwa nje waingie.

Iko njia nyingine ambayo mimi naiona bora kupita zote, ingawa wasio na subira hawataipenda. Nyuki wakikaa katika ukuta au katika mti usiotakiwa kukatwa, funga bomba dogo kutoka mlango wao mpaka sanduku tupu, na upande wa pili wa sanduku toboa mlango wa kutokea nje. Nyuki hawana njia ila kupita katikati ya sanduku. Baada ya muda huanza kuliona kuwa chumba chao, wakajenga vijungu humo, na mwisho, baada ya miezi mingi, pengine hupata malkia wao wenyewe. Nyumba ya zamani haikuguswa. Hata asiyeweza jambo hilo aweza kupaka nta yao ndani ya gogo tupu na kulitundika karibu na kundi lenye nguvu, akangoja wafanya kazi walipeleleze.

Mzinga wenyewe usiwe mkubwa. Kundi dogo haliwezi kulinda chumba kipana. Gogo lenye uwazi wa sentimeta 15 hivi na urefu wa dhiraa moja au moja na nusu latosha kwa nyuki wa kiasi, na kuta zake ziwe nene ili joto la mchana na baridi ya usiku visipenye. Sanduku zuri huwa na vyumba viwili, kimoja juu ya kingine, na kipenyo kidogo katikati. Majana hukaa chini, asali huwekwa juu, na mwenyewe hurina bila kugusa watoto. Uwekwe chini ya upenu, penye jua la asubuhi na kivuli cha adhuhuri, mbali na moshi wa jikoni. Ukisimama juu ya meza, miguu ya meza itiwe katika makopo yenye mafuta machafu ya motokaa, maana sisimizi na siafu ni adui wakubwa. Adui mwingine ni dawa ya kuua wadudu. Anyunyizaye pamba, kahawa au mboga na anyunyize jioni, baada ya nyuki kurudi, naye anyunyizaye nyumba kwa ajili ya mbu auondoe mzinga kwanza usiku uliotangulia.

Mwaka wa kwanza usirine. Baadaye, mwisho wa majira ya maua, fungua chumba cha asali, toboa vijungu vilivyojaa, na uvute asali kwa bomba safi la sindano lisilo na sindano yake, au uiinamishie chombo. Bakiza nusu kwa ajili ya nyuki, na vijungu vya unga visiguswe, kwa kuwa ndicho chakula cha watoto. Kundi zuri laweza kutoa lita 1 au 2 kwa mwaka. Wale wadogo kabisa hawajazi hata kikombe. Kiasi hicho ni kidogo mbele ya mzinga wa nyuki wakubwa, lakini asali hii hutafutwa sana na bei yake huwa juu zaidi.

Wanunuzi hulalamika kwamba asali hii ni nyepesi, wakadhani imetiwa maji. Sivyo. Asali ya nyuki wakubwa iliyoiva kwa kawaida haina maji kupita sehemu 20 katika 100, lakini ya nyuki wadogo mara nyingi ina sehemu 25 au zaidi, nayo ina ukali kidogo ulimini. Kwa sababu ya maji hayo huchacha upesi. Ichujwe kwa kitambaa safi, itiwe katika chupa iliyochemshwa na kukaushwa, isijazwe mpaka mdomoni, na iwekwe mahali pa baridi. Kifuniko kilegezwe mara kwa mara ili hewa itoke, maana chupa iliyokazwa yaweza kupasuka. Watu wazima huilamba kwa kikohozi. Mtoto mchanga asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hii wala asali nyingine yoyote, kwa kuwa asali yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda.