Lugha ya Maumivu: Uchunguzi wa Viungo, Misuli na Mifupa

Mgonjwa asemapo, "Mguu unaniuma," daktari bado hajajua pa kuanzia, kwani mguu katika Kiswahili ni kuanzia pajani hadi vidoleni. Ndiposa humwomba aonyeshe mahali hasa kwa kidole. Kisha hufuata hatua tatu zilizosisitizwa na tabibu Mwingereza, Alan Apley: kutazama, kupapasa na kusogeza kiungo, akikilinganisha na cha upande wa pili. Hata hivyo, kidole nacho hupotosha: mtoto aweza kushika goti ilhali dosari imo nyongani. Msamiati pia ni ushahidi. Kuuma si kufa ganzi, hali iwezayo kuashiria hitilafu ya mishipa ya fahamu. Hivyo basi, mkalimani hospitalini asilibadilishe neno la mgonjwa. Huenda ndilo linaloongoza mkono wa daktari.