Nyuki hajui mpaka wa shamba

UKITOKA mjini Kitale ukaelekea mashariki, upande wa vilima vya Cherangani, hutakwenda mbali kabla hujaelewa kwa nini Trans Nzoia huitwa ghala la nafaka la Kenya. Kushoto ni mahindi, kulia ni mahindi, na ukifika katika soko la Kachibora utayakuta mahindi yale yale ndani ya magunia, yakingoja lori. Ilikuwa ni Kitale, mwaka wa 1964, ambako watafiti walitoa mbegu chotara ya H611, waliyoipata kwa kuzalisha mahindi ya hapa nchini na mengine yenye asili ya Ecuador. Tangu hapo mkulima wa huku akitaja shamba, aghalabu huwa anataja mahindi.

Na hapo ndipo taabu ya nyuki inapoanzia.

Mahindi, ndugu msomaji, hayana haja na nyuki. Chavua, ule unga wa manjano unaotoka kwenye mbelewele, yaani maua ya juu ya mhindi, hupeperushwa na upepo ukaangukia ndevu za gunzi changa, na punje zikaanza kufanyika. Upepo haudai chochote. Kwa hiyo mtu aliyelishwa kwa mahindi, akasomeshwa kwa mahindi na kulipa mahari kwa mahindi, aweza kufika uzeeni bila kuona nyuki ana faida gani kwake zaidi ya kumuuma.

Lakini hebu chungulia katikati ya mistari ya mahindi hayo. Utaona maharagwe. Kwenye ua kumetambaa maboga na karakara, nyuma ya nyumba pana mparachichi, na ukiteremka hadi Bungoma utakuta nyanya na alizeti. Mimea hii haiwezi kuutegemea upepo peke yake. Chukua boga. Ua la kiume liko mbali na la kike, chavua yake ni nzito na yenye kunata, na ua lenyewe hufunguka alfajiri likajifunga kabla ya adhuhuri. Mama anayeona viboga vyake vichanga vikigeuka manjano na kudondoka hulaumu jua ama mbolea, kumbe huenda asubuhi ile hakuna mdudu aliyepita.

Hasara yenyewe si ndogo. Utafiti uliofanywa jirani tu, katika mashamba madogo ya Kakamega, na kuchapishwa mwaka wa 2009, ulichunguza mimea minane ikiwamo maharagwe, nyanya, karakara na alizeti. Watafiti walikadiria kwamba karibu asilimia 40 ya thamani ya mazao hayo kwa mwaka ilitokana na kazi ya nyuki. Fikiria mfanyabiashara aambiwe kwamba shilingi 40 katika kila 100 anazopata huletwa na kibarua ambaye hajawahi kumpa hata maji ya kunywa! Duniani kote, wataalamu wanasema mazao matatu kati ya kila manne makuu ya chakula yanategemea wadudu na wanyama wengine, kwa kiasi kikubwa au kidogo, ili yazae.

Tena si nyuki wa asali peke yake. Maua ya nyanya huficha chavua yake ndani ya vifuko, na nyuki wa asali hajui kuitoa. Anayejua ni yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao za paa, yule ambaye watoto humkimbia wakidhani ni jini. Huling'ang'ania ua, akalitikisa kwa mtetemo wa misuli yake ya kurukia, na chavua ikamwagika kama chumvi. Huyo huyo ndiye mchavushaji hodari wa karakara. Ukimwona akitoboa boriti, mvumilie kidogo.

Mwaka wa 2017 viwavijeshi vamizi, waliotoka bara la Amerika na kuonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka uliotangulia, waliingia Kenya na kuanza kutafuna mahindi ya magharibi mwa nchi. Kiwavi huyu hujificha ndani ya kikonyo cha mhindi, akala moyo wake. Wakulima walishikwa na hofu, na nani angewalaumu? Waliopata dawa walizipiga, wengine mara mbili, wengine mara tatu, wengine walichanganya aina mbili kwenye pampu moja ya mgongoni wakiamini kwamba ukali huongezeka.

Nilisema mhindi hauna haja na nyuki. Bahati mbaya ni kwamba nyuki ana haja na mhindi. Mbelewele ikifunguka, nyuki huja kujikusanyia chavua awapelekee watoto wake, kwani chavua ndiyo nyama na maziwa yao. Na chini ya mhindi huo huenda maharagwe yamechanua. Dawa iliyokusudiwa kiwavi basi humpata mgeni aliyekuja kusaidia. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya dawa tatu za kundi linaloitwa nionikotinoidi mwaka wa 2018, kwa sababu ya madhara kwa nyuki. Hapa kwetu, Gladys Boss Shollei, wakati huo akiwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti jirani ya Uasin Gishu, aliwasilisha ombi bungeni mwaka wa 2019 akitaka dawa hatari ziondolewe sokoni. Mjadala haukuisha siku hiyo, wala haukuisha mwaka huo.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wanaweza kuihakikisha wenyewe. Nyuki wa asali huenda kutafuta chakula hadi kilomita tatu kutoka kwenye mzinga, na pengine zaidi. Chora duara lenye nusukipenyo cha kilomita tatu. Utapata eneo la kilomita 28 za mraba, yaani karibu ekari 7,000. Mwenye mzinga ana shamba la ekari mbili! Anaweza kuapa kwamba hatagusa dawa maisha yake yote, anaweza kupanda maua hadi mlangoni, na bado nyuki wake wakafa kwa pampu ya mtu asiyemjua ng'ambo ya mto.

Ndiyo maana ufugaji nyuki wa mtu mmoja mmoja hauwezi kuwalinda nyuki, na ndiyo maana nauona mzinga wa kikundi kuwa kitu kingine kabisa. Watu kumi na watano wakiwa na mizinga ya pamoja, watu hao wana mashamba kumi na matano, wake na waume, mashemeji na majirani. Kila mmoja ana sababu ya kuuliza nani anapiga dawa, dawa gani, saa ngapi. Asali ni kishawishi. Kazi kubwa hufanywa na maswali hayo.

Eneo hili si geni kwa nyuki. Waogiek wa Chepkitale katika Mlima Elgon na Wasengwer wa msitu wa Embobut wameijua mizinga ya magogo tangu enzi za mababu. Nyuki wa Elgon ana sifa hata ng'ambo: mwaka wa 1989 wafugaji kutoka Sweden walifika mlimani humo kutafuta nyuki weusi wapole wa nyanda za juu, na uzao wao huko Sweden unaitwa Elgon hadi leo. Sijui ni watoto wangapi wa Bungoma wamewahi kuambiwa habari hiyo darasani.

Anayeanza leo ana mizinga mitatu ya kuchagua. Kuna gogo, ambalo ni rahisi lakini ni gumu kulikagua. Kuna sanduku la Mmarekani Langstroth, aliyepata hataza yake mwaka wa 1852. Ni zuri ila lina gharama. Na kuna mzinga uliobuniwa hapa Kenya katika miaka ya 1970 kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Canada, unaojulikana kwa herufi KTBH. Huu fundi yeyote wa mbao anauweza, mradi ahakikishe kwamba kila kijiti cha juu kina upana wa milimita 32, kwani huo ndio upana ambao nyuki wetu hupenda kujengea sega. Ukikosea, watajenga ovyo na masega yatashikana.

Nyuki hawanunuliwi. Mzinga hupakwa nta ndani, ukaning'inizwa kwa waya ili siafu na nyegere wasiufikie, nao nyuki huja wenyewe msimu wa maua. Uwe mbali na nyumba, njia na zizi, nyuma ya ua wa miti, kwa maana nyuki wetu hawana mzaha. Urinaji hufanywa jioni kwa moshi na mavazi kamili, na sehemu ya asali huachiwa wenyewe.

Kuhusu elimu, sidhani mabango yanatosha. Mfano mzuri uko ng'ambo ya vilima hivi, katika Bonde la Kerio, ambako mwanasayansi Mkenya Dino Martins alichunguza nani huchavusha mipapai. Jibu likawa nondo wakubwa warukao magharibi, ambao kwao ni vichakani. Mashamba yaliyokuwa karibu na vichaka yalitembelewa zaidi. Mkulima aliyefyeka kichaka chote na kukata mpapai dume kwa sababu hauzai alikuwa anakata mapapai yake mwenyewe. Ukweli wa namna hiyo mtu huuamini akiuona kwa macho, jioni, akiwa na tochi mkononi.

Shule zina nafasi nzuri. Vilabu vya 4-K, vilivyofufuliwa nchini mwaka wa 2021, vinaweza kufanya jaribio lisilo na gharama: funika ua moja la kike la boga kwa kitambaa chepesi usiku kabla halijafunguka, acha jingine wazi, kisha ngojeni wiki moja. Mtoto aliyefanya hivyo hahitaji hotuba, na akirudi nyumbani atamsumbua baba yake kuhusu ile pampu.

Nawe msomaji wa Nairobi au Mombasa, ambaye hukumbuka mashambani Desemba ikifika, unahusika zaidi ya unavyodhani. Mara nyingi ni wewe unayetuma pesa za dawa. Kabla ya kutuma, uliza itapigwa lini. Jua likishazama nyuki wamekwisha kurudi mzingani, na tofauti ya saa chache yaweza kuokoa makundi mazima, ingawa zipo dawa ambazo sumu yake hubaki kwenye ua hadi kesho yake, na hizo haziwafai wakati mimea imechanua.

Trans Nzoia hupanda Machi na Aprili. Maharagwe huchanua kwanza, mahindi baadaye, na viwavi hawangoji mwaliko. Kwa hiyo ujumbe wa kupelekwa kwa majirani kwa simu huandikwa wiki hizo hizo, nao hauhitaji ufundi: "Jirani, leo napiga dawa baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Waambie na wa ng'ambo ya mto."