UZI: Bei ya stima ikishuka, mbona wewe huoni tofauti?

Kama kawaida, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama, tunachambua hoja tu. Leo ni ile inayorudi kila kampeni: "Tutapunguza bei ya stima." Huyu anasema aliipunguza, yule anasema ilipanda yeye akiwa nje, na wote wanarushiana bei ya yuniti. Sisi wa ploti na magorofa ya kupanga tunasikiliza tu. Kwetu bei ya yuniti huja baadaye. Kwanza tunataka kujua mita ni ya nani, na inahesabu stima ya nani.

Hebu tuanze na jinsi bei inavyopangwa. Mteja wa nyumbani Kenya huwekwa kwenye daraja kulingana na wastani wa matumizi yake ya miezi 3 iliyopita. Tangu Aprili 2023, anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi yuko daraja la chini, lenye bei nafuu. Kutoka 31 hadi 100 ni la kati. Ukipita 100, unalipa bei ya juu. Kabla ya hapo mpaka wa nafuu ulikuwa yuniti 100. Nafuu hii iliwekwa kwa ajili ya mtu wa balbu mbili, redio na chaja ya simu.

Sasa chukua ploti ya vyumba 10 yenye mita moja kubwa kwa jina la landilodi. Kila chumba kinatumia yuniti 25 kwa mwezi, yaani kila mmoja pale ndani anastahili bei ya chini. Lakini jumla ni yuniti 250. Kwa macho ya kampuni hakuna wateja 10 wadogo hapo, kuna mteja mmoja mkubwa, na mteja mkubwa analipa bei ya juu. Nafuu ya mnyonge imeishia getini. Halafu landilodi naye anaweka mita zake ndogo, moja kwa kila mlango, na kupanga bei yake. Ukimuuliza amefikiaje hiyo bei, anakuambia "ndiyo bei ya hapa".

Ndiyo maana Januari 2022, serikali ilipopunguza bei ya stima kwa asilimia 15, ploti nyingi ninazozijua hazikuona chochote. Kama ulikuwa unakatwa shilingi 30 kwa yuniti, uliendelea kukatwa 30. Bei ilipopanda Aprili 2023, hiyo sasa ilifika mlangoni haraka sana. Kupanda hupita getini bila kuulizwa kitambulisho.

Hapo hata hatujafika kwa mita zilizochanganywa, na ndizo zilizonifanya niandike uzi huu.

Kwenye gorofa ninapopanga kuna jirani yangu, mama wa watoto wawili. Anapikia gesi, ana televisheni na balbu tatu. Mlango wa pili yake kuna kijana mwenye friji, jiko la stima na mashine ya kufua nguo za watu. Keretaka anasoma mita mwisho wa mwezi, anaandika kwa daftari, na bili inakuja pamoja na kodi. Mama alikuwa anaandikiwa yuniti 95 hivi kila mwezi. Akilalamika anaambiwa watoto wanaacha taa usiku. Alipunguza kila kitu, hata pasi akaacha kutumia. Bili haikusonga.

Desemba akasafiri ushago wiki tatu na kuzima swichi kuu kabla ya kuondoka. Akarudi, akapata yuniti 90 na ushei. Keretaka akamwambia, "Mama, mita haidanganyi." Wakati huo deni lilikuwa limekula depositi yake ya stima, na wiki iliyofuata akapata mlango una kufuli. Kufuli, na watoto wanatoka shule saa kumi.

Jioni ile tulishuka wapangaji kama sita hadi kwenye kabati la mita. Tukamwomba keretaka afungue mlango kidogo, tukazima swichi kuu ya mama. Mita yenye namba ya mlango wake ikaendelea kupepesa taa nyekundu kama hakuna kilichotokea. Tukamwomba kijana azime yake, na ile taa ikatulia papo hapo. Gorofa lilikuwa limepakwa rangi miezi minane nyuma na namba kuandikwa upya kwenye kabati, na aliyeziandika alibadilisha mbili.

Piga hesabu. Mita yake halisi ilikuwa inaonyesha kama yuniti 25 kwa mwezi. Tofauti ni 70, kwa shilingi 30, hiyo ni 2,100 kila mwezi. Kwa miezi 8 ni 16,800. Kodi yetu ni 7,500.

Kufuli iliondolewa. Pesa je? Landilodi alisema yeye alipata jumla yake kamili, kwa hivyo wamalizane wenyewe. Kijana akasema alilipa kila alichoambiwa alipe, na kweli alilipa. Mama akabaki katikati. Mpaka leo amerudishiwa 4,000, tena na kijana, si na mwenye nyumba.

Hapo siasa inaingia. Ukiwa na akaunti yako na Kenya Power, bili ikikosewa una pa kuanzia. Unalalamika kwa kampuni, ukishindwa unaenda kwa EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na kuidhinisha bei, na juu yake kuna Mahakama ya rufaa za Nishati na Petroli. Sheria ya Nishati ya 2019 imeweka hayo yote, na inataka anayeuza stima rejareja awe na leseni. Lakini mama hana akaunti. Kwenye vitabu vya kampuni hayupo. Mteja ni landilodi, na landilodi hana lalamiko.

Upande wa upangaji nao? Tuna baraza la kuamua kesi za kodi za nyumba, ila sheria yake inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe nyumba ya 2,500 Nairobi nihamie leo. Kiwango kile kimeachwa hapo mpaka sheria yenyewe ikabaki bila watu wa kuwalinda. Mbunge anaweza kukibadilisha. Hilo ni swali zuri la kumuuliza kuliko "stima itashuka lini".

Njia iliyobaki ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kuna pia kifungu cha 46 cha Katiba kuhusu haki za mtumiaji wa bidhaa na huduma, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Jirani yangu anajua haya yote sasa. Bado anaogopa kwenda, kwa sababu ukimshtaki landilodi Jumatatu unaweza kupewa notisi Ijumaa. Sijui mwanasiasa yeyote aliyesimama jukwaani akaongea kuhusu hiyo hofu.

Nisiwaonee malandilodi. Mita kubwa ikiwa kwa jina lako, kampuni inakudai wewe kwanza, na kuna wapangaji wanaohama usiku na deni. Kuweka laini tofauti kwa kila mlango ni gharama na ni kusubiri. Lakini hizo ni sababu za kuwa na mita ndogo. Si sababu za kuficha bei, wala za kukataa kupimwa.

Wale wa tokeni msifikiri mko salama. Tokeni ya tarakimu 20 hufungwa kwa namba ya mita moja tu, kwa hivyo kama namba uliyopewa ni ya mlango mwingine, unamnunulia jirani stima na simu yako inakuambia asante. Na Novemba 2024, mita za tokeni zilipohitaji kubadilishiwa namba za ndani kabla ya tarehe 24, mteja wa Kenya Power alihudumiwa na Kenya Power. Mwenye mita ndogo alitegemea kampuni binafsi iliyomuuzia landilodi ile mita. Hakuichagua.

Maji ni hadithi ile ile, ila bili yake inachelewa kukuuma. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Kama umeandikiwa yuniti 12, umetumia mitungi 600, karibu 20 kwa siku. Mnaishi wawili, hiyo mitungi imeenda wapi? Funga mifereji yote, nenda uangalie mita. Ikisonga, kuna bomba linavuja au kuna mtu anakunywa kwako.

Kwa stima, fanya tulivyofanya: mchana, jirani akiwepo, zima swichi kuu yako na uangalie mita yenye namba yako. Ikiendelea kuhesabu, piga video inayoonyesha namba ya mita na swichi. Kabla ya kumlaumu jirani angalia pia taa za ngazi, taa za usalama na pampu ya maji. Fundi akitaka kumaliza kazi haraka huziunga kwenye mita iliyo karibu, na mpangaji mmoja analipia gorofa zima. Na siku unayohamia, piga picha ya mita kabla ya kubeba godoro. Isome tena kila tarehe moja. Daftari la keretaka likiwa peke yake ndilo ushahidi, umeshindwa kabla hujaanza.

Jumamosi kuna kikao cha wazi cha wagombea katika wadi yetu na nimeandikisha swali: mpangaji anayelipia stima bila akaunti anapeleka lalamiko lake wapi, na mtabadilisha sheria gani ili asifukuzwe akilalamika? Majibu nitayaweka hapa chini, bila majina. Mkiwa na mita ya pamoja, niandikieni mnakatwa ngapi kwa yuniti na mko mtaa gani. Jina la landilodi usitaje.